Ile Klipu ya "Dereva Mwizi": Kumbe Ilikuwa Betri ya Buku Tatu

Leo sina umbea wa kuwamwagia. Au niseme ninao kidogo, ila majina yote kapuni, kwa hiyo msije mkaanza kutajana huko chini kwenye komenti. Naandika kwa sababu wengi wenu mliiona ile klipu ya sekunde arobaini: dada wa mjini kavaa gauni la dhahabu, yuko kando ya Harrier nyeusi, anamfokea kijana mwenye shati jeupe, na nyuma watu wanacheka huku simu ziko juu. Wakaipachika maandishi: DEREVA MWIZI AUMBUKA. Basi yule kijana ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Na hajaiba kitu.

Nitawapa kisa chenyewe, halafu nitawaambia kilichokuwa ndani ya ile funguo, maana hicho ndicho kilichomwokoa, na nina uhakika nusu ya wenye magari humu hamkijui.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi natengeneza simu. Nina kimeza changu Makumbusho, mwaka wa sita huu, na mpaka leo kuna wateja wanafika wananiangalia wananiuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Namwonesha kiti akae asubiri, mimi nachukua bisibisi. Kwa hiyo betri, taa, waya na saketi ndiyo ugali wangu. Magari si kazi yangu na sijawahi kudai ni kazi yangu. Ila rimoti ya gari si gari. Rimoti ya gari ni kidude cha elektroniki kama vidude vingine, kina ubao mdogo wa saketi, vitufe na betri.

Haya, tumwite yule dada Madam, ndivyo Kaka alivyokuwa anamwita. Ana biashara ya vipodozi, mnamfuata wengi, na naapa kuna watu mnasoma hapa mafuta yake yako bafuni kwenu. Kaka alikuwa anamwendesha mwaka wa pili sasa. Anamchukua saa moja asubuhi, anamrudisha saa yoyote ile Mungu anapopenda, na siri zote za ndani ya gari zinaishia ndani ya gari. Hata mimi dada yake hajawahi kuniambia kitu. Mengi ninayoyajua nimeyasoma humu humu kama ninyi.

Lile gari, kama mnavyojua wenye kufuatilia, lilikuja enzi za penzi na msanii fulani. Penzi likaisha, gari likabaki kwa Madam, ila funguo ya pili ikabaki kwa msanii. Kila mtu kwenye ule ukoo alikuwa anajua hilo na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kwenda kuiomba. Shikeni hapo, maana ndipo sumu ilipotokea.

Wiki mbili kabla ya ile klipu, Kaka aligundua funguo imeanza kuzingua. Zamani alikuwa akisogea tu na funguo mfukoni, anagusa kitasa, mlango unafunguka. Sasa ikawa lazima abonyeze, tena abonyeze mara mbili tatu, tena asimame karibu kabisa. Halafu kwenye dashibodi kukawa kunatokea maandishi na kipicha cha funguo kila akizima gari. Maandishi yenyewe Kijapani. Wadau, hili tulicheke lakini ni kweli: mji mzima tunaendesha magari yanayotuambia matatizo yao kwa Kijapani, na sisi tunabonyeza tu mpaka maandishi yapotee. Kaka akamtumia Madam ujumbe wa sauti: Madam, funguo inasumbua, naona itakuwa betri, niipeleke kwa fundi? Madam akajibu tumboni mwa shughuli zake, "Itasubiri sevisi ya mwisho wa mwezi." Ujumbe upo, una tarehe na saa.

Jumamosi ikawa sendofu ya mtoto wa rafiki yake Madam, ukumbi mmoja wa Mbezi Beach. Siku hiyo Madam alishuka na funguo akaiweka kwenye pochi yake, pamoja na simu mbili na pawabenki. Saa sita na nusu usiku shughuli ikaisha, Madam akatoka na wapambe wake, MC bado anaongea ndani, wapiga picha wako mlangoni wanamsubiri. Akanyoosha funguo kwa madaha kuelekea gari. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akaisogelea, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka kucha ikakaribia kuvunjika. Gari limenuna.

Pale ndipo mmoja wa wapambe, na huyu nisingemtaja hata kwa kulipwa, akasema kwa sauti ya kusikika na kamera: "Shoga, funguo za siku hizi wakikuchongeshea nyingine, ya kwanza inakufa. Muulize dereva wako."

Basi moto ukawaka. Umechongesha funguo ya gari yangu? Amekulipa shilingi ngapi? "Amekulipa" hiyo ilikuwa inamlenga msanii, wenyewe mlielewa, ndiyo maana klipu ilitembea vile. Kaka akawa anarudia sentensi moja tu, "Madam naomba nikuoneshe," na akanyoosha mkono. Ule mkono, wadau. Kwenye komenti mlisema anataka kumpora funguo. Alikuwa anataka kuchomoa kile kichuma kilichojificha ndani ya rimoti afungue mlango kawaida. Kila dereva anajua kipo. Hakuna aliyemwachia aishike.

Madam akaondoka na gari la shoga yake. Kaka akaambiwa kesho saa sita mchana aje pale pale ukumbini na "hiyo funguo nyingine", asipokuja nayo wataonana polisi. Akatembea mpaka barabarani akapata bodaboda. Alipofika kwangu Sinza ilikuwa inakaribia saa tisa, na klipu ilishafika kabla yake. Mkewe alikuwa ameshaiona. Mkewe ana mimba ya miezi saba, na mama mwenye nyumba wao Tabata alishaiona pia na kuituma kwenye grupu la wapangaji kwa kumwekea kile kikatuni cha macho.

Sasa mimi sikulala. Nilimuuliza Kaka swali moja: Madam alipokuwa anabonyeza, ile taa nyekundu ndogo kwenye rimoti ilikuwa inawaka? Akafikiri. Akasema hapana, haikuwaka hata mara moja, ndiyo maana na yeye alijua ni betri.

Niwaeleze kwa nini niliuliza. Yule mpambe hakuwa amesema upuuzi mtupu. Ni kweli fundi mwenye mashine anaweza kuingiza funguo mpya kwenye kumbukumbu ya gari na kuzifuta za zamani. Inafanyika. Lakini anachofuta kiko ndani ya gari. Rimoti iliyofutwa bado ina betri yake, ukiibonyeza taa yake inawaka, inatuma mawimbi kama kawaida, gari ndilo linalokataa kulitambua. Ni kama umefungiwa namba kwenye WhatsApp: simu yako nzima, ujumbe unauandika, mwenzio ndiye hataki. Rimoti iliyokufa betri ni kitu kingine. Hiyo taa haiwaki kwa sababu hamna umeme wa kuiwasha. Kwa hiyo taa tu ilishaanza kumtetea kaka yangu, ila taa isiyowaka si ushahidi wa kumpelekea mtu mwenye hasira. Nilihitaji kitu kinachonguruma.

Jumapili nikabeba mita yangu, bisibisi bapa ndogo, selotepu, na betri mpya za saizi mbili nilizochukua kwa mzee fundi saa jirani yangu, buku tatu moja. Nikachukua mbili kwa sababu sikuwa nimeiona ile ya ndani. Wengi hawajui hizi namba za mgongoni zina maana. CR2032 maana yake ni betri ya lithiamu, duara, upana milimita 20, unene milimita 3.2. CR1632 unene ni ule ule, upana 16. CR2025 ina upana wa 20 lakini ni nyembamba, 2.5, na ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu inaingia kwenye nafasi ya 2032 vizuri tu halafu inalegea, leo inashika kesho haishiki, unabaki unalaumu gari. Zote ni volti 3.

Tulipofika, Madam alikuwepo, safari hii kavaa dera na miwani meusi, kakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Pembeni dada wa kazi kambeba mtoto wake wa mwisho, wa miaka miwili hivi. Na fundi alishaletwa. Fundi alikuwa amefungua mlango kwa kile kichuma, ving'ora vikalia mtaa mzima ukatoka, vikanyamaza vyenyewe. Akaingia, akabonyeza kitufe cha kuwashia, gari halikuwaka. Akatoa hukumu: funguo imefutwa, kuna mtu kaprogramu nyingine. Gari livutwe mpaka gereji, funguo mpya na programu, laki nne na nusu.

Nikamwamkia, "Shikamoo Madam." Akaitikia marahaba bila kunitazama. Akamuuliza Kaka, "Iko wapi?"

Kaka akasema, "Madam, haipo. Huyu ni mdogo wangu, ni fundi wa simu, naomba aiangalie hiyo yako tu. Akishindwa, mimi mwenyewe naingia kwenye gari twende kituoni."

Nilitamani ningemziba mdomo. Lakini alishasema.

Fundi akacheka, akasema hii si simu. Nikamwambia ni kweli kaka, si simu, ila niambie, hii taa mbona haiwaki? Funguo iliyofutwa kwenye gari, taa yake inazimwa na nani? Akasema mambo ya magari ya kisasa ni mengi. Jibu hilo nimelisikia sana katika maisha yangu. Sijui kama hakujua au hakutaka kujua, na laki nne na nusu inaweza kumfanya mtu asitake kujua vitu vingi. Akaongeza labda spika za ukumbi ziliharibu mawimbi jana. Hilo nalo lina chembe ya ukweli, karibu na minara ya redio au mitambo mikubwa rimoti huweza kukosa masikio, ila Jumapili mchana spika zote zilishapakiwa kwenye Canter zikaondoka.

Nikaomba funguo. Madam akanipa, nadhani kwa kuchoka zaidi kuliko kuniamini.

Sasa hapa ndipo nataka msome taratibu, hasa akina dada mnaoendesha usiku peke yenu. Magari haya ya kitufe hayakutengenezwa na wajinga. Walijua betri itaisha siku moja, tena itaisha ukiwa pabaya. Ndani ya rimoti, mbali na kile kitu kinachotuma mawimbi kwa nguvu ya betri, kuna chipu nyingine ndogo isiyohitaji betri kabisa. Inafanya kazi kama kadi ya kupandia pantoni ya Kigamboni. Ile kadi haina betri, si ndiyo? Ukiigusisha kwenye mashine, mashine yenyewe inaipa umeme kidogo wa hewani, kadi inaamka, inasema namba yake, inalala. Funguo ni hivyo hivyo. Kuzunguka kitufe cha kuwashia kuna antena. Ukiigusisha rimoti pale, gari linaipa umeme, chipu inataja namba yake. Namba ikiwa kwenye kumbukumbu ya gari, gari linakubali. Ikiwa imefutwa, hata uigusishe mpaka Idi, haliwaki.

Mmeelewa kilichokuwa mezani? Likiwaka, maana yake funguo haijafutwa. Lisipowaka, kaka yangu anaingia kwenye gari la pili kwenda kituoni kama alivyoahidi kwa mdomo wake.

Nikamwambia Kaka akae yeye kwenye usukani, mimi sina leseni. Madam akataka kukataa, halafu akanyamaza. Kaka akakaa. Nikamwambia kanyaga breki, kanyaga haswa. Akageuza rimoti upande wenye nembo, akaigusisha kwenye kitufe. Sekunde moja. Gari likalia "pii", kitaa cha kijani kikawaka kwenye kitufe. Hapo una kama sekunde kumi za kubonyeza, usianze kushangilia kwanza. Kaka akabonyeza.

Likawaka.

Sikumwangalia Madam. Nilimwangalia fundi. Akasema, "Hiyo bahati tu." Kaka akazima. Akarudia. Likawaka tena. Akazima, akarudia mara ya tatu, safari hii akiwa anamtazama fundi machoni kupitia dirishani, na huyo kaka yangu ni mpole mno, sijawahi kumwona akifanya kitu cha namna ile.

Kubadilisha betri kwenyewe baada ya hapo hakukuchukua hata dakika tano. Unasukuma kilatchi cha pembeni, unachomoa kichuma. Kwenye nafasi kilipotoka kichuma kuna upenyo, unaingiza bisibisi bapa, ila ifunge ncha kwa kitambaa au selotepu ili usikwangue, unazungusha kidogo kama unafungua kopo la Milo, inaachana. Usiitumie nguvu, plastiki ikivunjika meno haifungi tena. Ndani utaona betri, pengine imefunikwa na kijifuniko. Kabla hujaitoa, piga picha kwa simu uone imekaa upande gani, alama ya kujumlisha imeangalia wapi. Usiguse ubao wa saketi kwa vidole vyenye jasho, na betri mpya ishike kwa kingo. Nilipoipima ya zamani, mita ikasoma volti 2.3, na hapo haijabebeshwa kazi yoyote. Nikasoma namba mgongoni, nikachukua pacha wake, nikaiweka kama ilivyokuwa, nikafunga. Kubonyeza, taa nyekundu ikawaka, na Harrier ikakonyeza taa zake zote kama haikuwa yenyewe iliyotudhalilisha jana. Hakuna kuprogramu. Namba ya siri imehifadhiwa kwenye chipu na haipotei kwa kutoa betri. Mtu akikwambia Toyota yako lazima iprogramiwe upya kwa sababu umebadilisha betri ya funguo, mwombe akueleze kwa nini, tena mbele ya watu.

Watauliza, betri iliishaje wakati Madam haibonyezi mara kwa mara? Funguo hizi hazilali. Zinasikiliza muda wote, zikisubiri gari liite. Kitabu cha Toyota kinasema betri hudumu mwaka mmoja mpaka miwili, na inaisha hata usipoigusa. Kinasema pia usiiache chini ya mita moja karibu na televisheni, kompyuta, simu na chaja zake, kwa sababu mawimbi ya vile vitu yanaiamsha amsha bila sababu. Sasa kumbukeni ile pochi: simu mbili na pawabenki. Na nyumbani, Kaka aliniambia, funguo ilikuwa inalala kwenye meza ya kitandani, juu ya chaja. Kila siku. Mwaka wa pili. Kwa kweli ile betri ilijitahidi.

Nisiruke kitu kingine kilichotokea pale, maana kilinitisha kuliko polisi. Wakati nafunga rimoti, betri ya zamani nilikuwa nimeiweka kwenye boneti mbele yangu. Dada wa kazi akasogea kuangalia, mtoto akiwa begani. Mkono mdogo ukatoka, ukaichukua, ukaanza safari ya kwenda mdomoni. Nilimshika mtoto mkono nikaifungua ngumi yake kwa nguvu, akalia. Madam akasimama: "We dada, mbona unamnyang'anya mtoto?"

Nikamwambia, Madam, hii akimeza unaweza kumpoteza. Akanitazama kama nimemtukania ukoo.

Lakini ni hivyo, na nawaandikia akina mama na akina baba wa humu. Hizi betri za duara, zile pana hasa, zikikwama kwenye koo la mtoto hazikai tu kama sarafu. Mate yanaunganisha pande mbili za betri, umeme unapita, na pale inapogusa nyama inatengenezeka kemikali kali kama magadi ya kufungulia mabomba. Inaunguza. Ndani ya saa mbili tu inaweza kuwa imeshatoboa koo. Na betri iliyokufa kwa ajili ya gari haijafa kwa ajili ya koo, volti 2 na kitu zinatosha kabisa. Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria ya kulazimisha vifaa vyenye betri hizi viwe na kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, baada ya watoto kufa. Mtoto akimeza au ukihisi tu kameza, anatoka udenda, anakohoa, anakataa chakula, usimtapishe, usimlishe chakula, usisubiri itoke yenyewe. Hospitali, eksirei, na uwaambie kwa mdomo wako kwamba inaweza kuwa betri, kwa sababu kwenye picha inafanana na sarafu na mtu anaweza kukwambia usubiri. Akiwa ameshapita mwaka mmoja na ndani kuna asali, wataalamu wa sumu wanashauri umpe vijiko viwili vidogo kila dakika kumi mkiwa njiani, inapunguza kuungua. Mkiwa njiani, nimesema, si mkiwa mnatafuta asali dukani.

Niliifunga selotepu pande zote mbili pale pale mbele yao, nikaitia kwenye mfuko wangu wa zipu. Dada wa kazi aliniambia asante kwa sauti ya chini. Yeye tu.

Madam? Alivua miwani. Akamwangalia Kaka muda mrefu kidogo, akasema, "Sawa. Kesho saa moja kama kawaida." Fundi alishatoweka, sikumwona hata alipitia wapi.

Kaka akasema, "Madam, na ile klipu?"

Akasema hakuiposti yeye. Ni kweli, hakuiposti. Kaka akamwomba aandike hata mstari mmoja kwenye ukurasa wake, kwamba dereva hakuiba, ilikuwa betri. Madam akasema mambo ya mtandaoni hupita yenyewe, ukiyagusa unayaongezea petroli, yeye anayajua zaidi. Jioni akaweka stori: picha ya Harrier, maneno "Mtoto kapona", kimoyo chekundu. Saa ishirini na nne ikafutika. Waliomwita kaka yangu mwizi ni kwa maelfu, na stori ile haikumtaja hata kwa shati.

Najua mtanigawanyikia hapo. Kuna watakaosema Madam kamrudishia mtu kazi, anataka nini tena? Kazi za udereva wa watu wenye majina hazipatikani barabarani, na mtoto yuko njiani. Hata mama yetu alimwambia hivyo kwenye simu: mwanangu, meza tu. Mimi sikumshauri kitu. Nilimwambia tu kwamba mama mwenye nyumba wake hakuiona hiyo stori ya kimoyo, nilimuuliza.

Jumatatu Kaka alienda, saa moja kamili kama alivyoambiwa. Alimpeleka Madam dukani, akamsubiri, akamrudisha, akaliosha gari, akaijaza tairi ya nyuma kushoto iliyokuwa na upepo mdogo. Halafu akamkabidhi funguo mkononi pamoja na betri nyingine mpya ndani ya pakiti yake, ile ya saizi sahihi, akamwambia ya dharura hii Madam, weka mbali na mtoto. Akaomba mshahara wake wa siku kumi na nane. Alipewa wote, tena na nauli juu. Nauli akairudisha, akatoka getini, akapanda daladala ya Tabata.